Ramani ya Mama Mkwe

Sehemu ya tano

Mlioniacha wiki iliyopita nikikamua zulia la sebuleni kama mtu anayekamua ng'ombe, haya, maji yamekauka. Zulia halikupona. Mimi nipo.

Na wewe uliyefungua ukurasa huu leo kwa mara ya kwanza, kisa chenyewe ni kifupi. Mimi ni mwalimu wa udereva, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, na nilijidanganya kwamba naweza kupanua jiko la nyumba yangu kwa nyundo ya kuazima. Ukuta niliouvunja ulikuwa na bomba la maji ndani yake. Nyumba ikawa bwawa.

Mke wangu ni mkunga. Alirudi kutoka zamu, akavua viatu mlangoni, akavuka sebule maji yakimfika vifundoni. Hakupiga kelele. Alisema neno moja tu.

"Basi."

Siku ya pili akaleta mkandarasi.

Nilitegemea litokee pande la mtu, miraba minne, sauti ya ngurumo. Akashuka mama mmoja mfupi wa makamo, futi ya kupimia kaining'iniza shingoni kama daktari. Mtaa mzima wanamwita Bibi Futi, na jina hilo kaliandika mwenyewe kwenye mlango wa gari lake. Nyuma yake akashuka mzee mrefu aliyenyooka kama nguzo, mkononi ana timazi, ile kamba yenye kichwa cha chuma wanayoning'iniza kuona kama ukuta umesimama wima.

"Huyu ni baba yangu, ndiye msimamizi wa mafundi," akasema Bibi Futi. "Sisi tunachora, sisi tunajenga, sisi tunakukabidhi ufunguo. Ukuta ukipinda hutahangaika kutafuta wa kumlaumu."

Yule mzee nikampa jina pale pale kimoyomoyo: Mzee Timazi.

Mama mkwe wangu akaleta chai. Mama huyu alikuja kwetu kwa wiki mbili, miaka mitatu iliyopita. Sina ubaya naye. Anaamka kabla ya jogoo, hasengenyi mtu, na mikono yake haijui kukaa bure. Ila ana masikio. Nikifungua friji, anakohoa. Nikifungua tena, anakohoa mara mbili.

Bibi Futi hakupima ukuta hata mmoja. Aliketi, akatoa daftari.

"Kabla sijapima nyumba nawapima ninyi," akasema. "Nani anaamka wa kwanza?"

"Mama," akajibu mke wangu.

"Nani anakaa sana chooni?"

Mke wangu akaninyooshea kidole. Mama mkwe naye, bila kuangaliana, akaninyooshea kidole.

"Nasoma habari," nikajitetea.

"Unasoma mpaka tanzia za watu usiowajua," akasema mama mkwe.

"Vyoo viwili," akaandika Bibi Futi. "Nani anamsikia nani usiku?"

Mzee Timazi akanywa chai yake polepole huku kashika kikombe kwa mikono miwili, akasema chai ina tangawizi ya kutosha. Mama mkwe akarekebisha mtandio. Mimi sikuona kitu. Mimi ni mtu wa kutazama barabara.

Mwisho Bibi Futi akagawa karatasi tatu.

"Kila mtu aandike anachotaka, peke yake, aniletee ofisini. Msionyeshane. Nikiwasikiliza kwa pamoja, mmoja atasema na wawili watatikisa vichwa. Halafu nikishamwaga zege la msingi, ndipo wale wawili wanapata sauti."

Sasa naungama.

Nilijifungia chooni na ile karatasi, kwa mara ya kwanza bila gazeti, nikaandika hivi: mama mkwe ajengewe chumba nyuma ya nyumba, mbali kidogo, mlango wake, choo chake, na ukuta mnene wa tofali za kulaza.

Nilipomaliza nikasoma nilichoandika, nikajiona mtu mdogo sana. Mwaka jana mama huyu alianguka bafuni, na mke wangu ndiye aliyemkuta chini, kalala na kanga yake, anaita kwa sauti ndogo. Hakuvunjika kitu. Lakini tangu siku ile mke wangu analala sikio moja likiwa wazi.

Nilijua hayo yote. Karatasi nikaikunja hivyo hivyo, nikaitia mfukoni.

Ofisi ya Bibi Futi ni chumba kimoja kilichojaa vipande vya vigae na sampuli za rangi. Nilifika asubuhi, nikakaa kwenye benchi la nje. Ndani nilisikia watu wanacheka. Mlango ukafunguka.

Akatoka mama mkwe.

Tulitazamana. Mimi nikaficha karatasi nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeiba sukari. Yeye akaushika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Baba, umefuata nini huku?" akaniuliza.

"Napita tu. Na wewe, mama?"

"Nami napita."

"Basi tumepita."

"Tumepita, baba. Nyumbani tusilizungumze."

Akaenda zake, kanyooka, mwendo wa msichana. Nikaingia ndani, Bibi Futi akaipokea karatasi yangu, akaisoma, akaanza kutikisika mabega. Alicheka mpaka akalaza kichwa mezani.

"Mwalimu," akasema akifuta machozi, "umenakili kwa mwenzako?"

"Mwenzangu yupi?"

Akaniwekea karatasi nyingine mbele. Mwandiko wa mama mkwe, herufi kubwa kubwa zilizosimama wima. Chumba nyuma ya nyumba, mbali kidogo. Mlango wangu. Choo changu. Ukuta mnene.

Moyo ukanitulia ghafla, kumbe sote tunataka jambo moja! Nilitaka kumkumbatia Bibi Futi na futi yake. Halafu kitu kikanigonga.

"Hebu subiri. Ukuta mnene wa nini?"

"Anasema unakoroma."

"Mimi?"

"Anasema kama trekta linalopanda mlima."

Niliumia. Mimi kutaka kumkimbia mama mkwe ni jambo la kawaida duniani. Yeye kutaka kunikimbia mimi, baada ya miaka mitatu ya ukarimu wangu?

"Wenye nyumba mko wawili," akasema Bibi Futi. "Mmoja wenu akitia sahihi, naanza kuchora. Akibadili mawazo kabla ya msingi, nafuta. Weka sahihi hapa."

Nikaweka. Tena kwa mbwembwe, na mkia chini yake.

Jioni ile mke wangu akanikalisha kitandani, akanishika mkono.

"Nimepeleka karatasi yangu," akasema. "Nimeomba kitu kimoja tu. Chumba cha mama kiwe ubavuni mwa chetu, na mlango katikati. Akiguna tu, nimefika. Wewe uliandika nini?"

Gari la kufundishia udereva lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu. Nyumbani kwangu breki zote mbili ziko upande wa mke wangu.

"Niliandika jiko lipanuliwe," nikasema.

Kesho yake nikamvizia mama mkwe kwenye kamba ya nguo.

"Mama, mwambie binti yako kwamba unataka kukaa nyuma."

"Mimi? Nikisema mimi, atadhani wewe umenifukuza. Sema wewe."

"Nikisema mimi, atakuwa na uhakika kwamba nimekufukuza!"

Akatundika shuka, akabana kibanio. "Baba, binti yangu ananipima presha kabla sijapiga mswaki. Nikikaa uani kwa muda, anatuma mtu aje kuniangalia. Nampenda, ndiye mtoto wangu wa pekee. Lakini mimi sijazeeka, nimechoka kuangaliwa."

Nilimwangalia. Halafu nikakumbuka alichosema, nikaangalia shuka.

"Basi itasema ramani yenyewe," nikamwambia. Ndiyo busara yangu ilipoishia.

Siku tatu baadaye nilikuwa kazini. Mwanafunzi wangu siku hiyo alikuwa mama mmoja muuza vitambaa, mwanamke mwenye moyo mzuri na mguu mzito. Tunatoka getini, nikamwona Mzee Timazi kasimama kando ya njia. Shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, kofia kaivua.

"Mwalimu, nina neno na wewe."

"Nina somo, mzee. Panda nyuma, tutaongea njiani."

Akapanda. Magoti yakamfika kidevuni.

"Ni kuhusu kile chumba cha nyuma," akaanza.

"Gia ya pili, mama. Ya pili! Ndiyo, mzee, chumba cha nyuma."

"Mimi nina miaka tisa sina jiko, Mwalimu."

Ndugu msomaji, wewe umeshaelewa. Hata mtoto wa shule anajua mwanamume akisema anatafuta jiko hatafuti mahali pa kuwekea sufuria. Lakini mimi wiki nzima nilikuwa naota makabati na masinki, na mbele yangu kulikuwa na lori.

"Kioo cha pembeni, mama! Jiko? Kile chumba hakina jiko?"

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Jiko lenyewe limekubali. Limebaki neno lako, kwa kuwa wewe ndiye mwanamume wa nyumba ile."

"Basi weka jiko, mzee! Jiko ni muhimu. Mama atapikia wapi?"

Sauti ya mzee ikatetemeka. "Kwa hiyo unaridhia?"

Hapo muuza vitambaa akaliona lori, akakanyaga mafuta badala ya breki.

"Unaridhia?" mzee akauliza tena, kashika kiti changu.

"Breki! Naridhia! Naridhia! Breki!"

Nikakanyaga ya kwangu kwa miguu yote miwili. Gari likasimama, pua ikiwa hatua moja kutoka kwenye lori. Sote watatu tukawa tunahema.

"Umesikia, mama?" Mzee Timazi akamuuliza mwanafunzi wangu. "Amesema anaridhia."

"Nimesikia," akasema yule mama, jasho likimtiririka. "Amesema mara mbili."

Mzee akanishika mkono, akautikisa muda mrefu. Macho yake yalikuwa yamelowa. Nikasema moyoni, hawa watu wanaipenda kazi yao jamani.

Jumamosi ilikuwa siku ya kuonyeshwa ramani. Asubuhi mama mkwe akaniita uani. Alikuwa amevaa hereni. Miaka mitatu sijamwona na hereni.

"Mwanangu," akasema. Hajawahi kuniita hivyo, huwa ananiita baba. "Sijui nikushukuru vipi. Wengine wangenicheka. Wewe umenipokelea posa."

"Posa gani?"

"Ya Mzee. Msimamizi. Amenieleza yote, ulivyokubali mbele ya shahidi, na gari likasimama kwa heshima."

Nilikaa kwenye ndoo. Ndoo ilikuwa na maji.

Kumbe siku zile zote za kupima uwanja, wakati mimi natazama barabara, kulikuwa na mambo. Mzee alirudi mara nne kupima ukuta ule ule. Mara ya pili mama alimpa chai. Mara ya tatu mzee alimrekebishia bawaba ya sanduku lake. Mara ya nne hakuja na futi kabisa.

"Na binti yako anajua?" nikauliza, nikiwa bado ndooni.

"Hajui. Wala binti wa Mzee hajui. Tumeona aibu. Lakini leo namwambia. Wewe kaa kimya tu, mwanangu, niachie mimi. Nitamwambia wakati wa chai, kabla ramani haijafunguliwa. Niahidi hutanitangulia."

Nikaahidi. Ningefanyaje? Nilikuwa na suruali iliyolowa na mama mkwe aliyevaa hereni.

Saa tisa alasiri wakafika. Sebule haikuwa na zulia, viti vilikwaruza saruji. Chai ikamiminwa. Nikamtazama mama mkwe. Akanywa. Nikamtazama tena. Akaongeza sukari. Nikakohoa. Akaniuliza kama nina mafua.

Bibi Futi akafungua ramani mezani, akaikandamiza pembe kwa vikombe.

"Jiko hili hapa, limeongezwa hatua nne. Choo cha pili hiki. Dirisha la sebule tumelihamishia upande wa upepo." Mke wangu alikuwa anafuata kwa kidole, anatabasamu. Kidole kikafika chumbani kwetu. Kikaenda kushoto. Kikaenda kulia. Hakuna kitu.

"Chumba cha mama kiko wapi?"

Bibi Futi akanitazama. Nikatazama dari.

"Kiko nyuma," akasema. "Hiki. Ndicho kilichotiwa sahihi."

Mke wangu akavaa miwani. Ninyi hamumjui mke wangu akivaa miwani. Ndivyo anavyofanya kabla ya kumwambia mama mjamzito kwamba ni mapacha.

"Chumba nje ya nyumba," akasoma. "Mlango wake. Choo chake. Ukuta mnene. Hili nini, jiko? Jiko lake." Kidole kikasimama. "Na hiki kitanda, mbona cha watu wawili?"

Bibi Futi akainama kutazama, akakunja uso. "Kitanda hicho sikukichora mimi. Hiyo ni penseli."

"Na sahihi ya nani hii yenye mkia?"

"Yangu," nikasema.

Akavua miwani taratibu.

"Mwalimu. Unamleta nani?"

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa, nikapunga mikono yote miwili.

"Simleti mtu!"

"Kitanda cha watu wawili, ukuta mnene ili nisisikie, mlango wa kuingilia kimya kimya, na jiko juu yake. Ni yule muuza vitambaa? Jirani alinambia alikuona naye mmesimama katikati ya barabara, mnahema."

"Tulikuwa tunahema kwa sababu ya lori!"

Nikamgeukia mama mkwe. Niliomba kwa macho yote mawili. Yeye alikuwa kakikodolea macho kikombe chake kitupu. Mzee Timazi alikuwa ameshika timazi yake, na ile kamba, iliyoumbwa kunyooka, ilikuwa inayumba.

Mke wangu akasimama. Hakulia. Ingekuwa nafuu angelia.

"Miaka ishirini na sita," akasema. "Na umeitumia nafasi ya mama yangu. Mama, inuka. Tunaondoka."

Mama mkwe hakuinuka.

"Mama, twende."

"Nenda, mwanangu. Mimi nabaki."

"Unabaki na huyu?"

"Nabaki na huyu," akasema mama mkwe, akanyoosha kidole. Hakikuja kwangu. Kilipita kando ya sikio langu, kikaenda kusimama kifuani kwa Mzee Timazi.

Mzee akainuka, akavua kofia ambayo alikuwa ameshaivua, yaani akashika kichwa kitupu.

"Mama?" akasema mke wangu.

"Baba?" akasema Bibi Futi.

"Kitanda nilichora mimi," akasema mzee.

Mama mkwe akaweka kikombe chini, akajikaza.

"Ni posa ya halali. Imeshapokelewa. Ameipokea mumeo, mbele ya shahidi."

Macho manne ya mabinti wawili yakanihamia. Na mimi, badala ya kufikiri, nikasema kweli.

"Nilidhani anazungumzia jiko la kupikia."

Uso wa Mzee Timazi ukaanguka. Ni mtu mzima yule, ana mvi mpaka kwenye nyusi, na alisimama pale kama mtoto aliyeambiwa arudishe zawadi. Mama mkwe akaniuliza taratibu:

"Kwa hiyo hukuridhia?"

Hapo nilipewa njia, ndugu zangu. Tena njia pana, lami tupu. Ningesema sikuridhia, na mke wangu angenisamehe kila kitu pale pale. Mama angehamia ubavuni mwa chumba chetu, mlango katikati, presha kabla ya mswaki. Mimi ningekuwa mkwe mwema.

Nikaziangalia zile hereni. Moja ilikuwa imepinda kidogo, kwa kukaa sana sandukuni.

"Siku ile sikujua ninaridhia nini," nikasema. "Leo najua. Naridhia." Kisha, kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshafunguka, nikamalizia. "Na chumba cha nyuma usimlaumu mama. Mimi nami niliomba mama yako ahamie huko, kabla sijajua lolote. Niliandika kwa mkono wangu. Chooni."

Mke wangu akaninyooshea kidole.

"Wewe tutaongea," akasema.

Akamgeukia mama yake, na sauti ikabadilika. Ikawa ya mtoto.

"Mama, ukianguka je? Nani atakusikia huko nyuma?"

"Nilianguka mara moja tu, mwanangu. Wewe umeniokota kila siku tangu hapo."

"Mimi nina usingizi mwepesi," Mzee Timazi akasema, bila kumtazama mtu. "Mama wa huyu binti yangu aliugua miaka mitatu. Nilikuwa naamka akigeuka tu."

Bibi Futi akatazama sakafu. Futi yake ilikuwa imejifungua shingoni, inaning'inia mpaka magotini, na hakuikunja.

Mke wangu akafuta macho kwa kiganja, haraka, kama anavyofanya kazini. Akavuta kiti. Akavaa miwani tena.

"Mzee, kaa chini."

Mzee akakaa.

"Posa aliyoipokea huyu ni ya garini, siitambui. Posa ya mama yangu naipokea mimi. Na mahari napanga mimi."

"Mwanangu, mimi ni mtu mzima, mahari ya nini..." mama mkwe akaanza.

"Mama, umesema umechoka kuangaliwa. Sasa hatukuangalii wewe, tunamwangalia yeye." Akaugonga ule mchoro wa chumba cha nyuma kwa kidole. "Mama yangu hakai uani kama mpangaji. Atakaa humu humu ndani, chini, kwenye vyumba vikubwa, na mlango wake mwenyewe wa kutokea. Mimi na huyu bwana tutahamia juu. Kukitokea lolote, nashuka ngazi."

"Juu wapi?" nikauliza. "Juu kuna bati."

"Mahari ya mama yangu," akasema mke wangu, "ni ghorofa."

Bibi Futi akaruka kitini. Alikuwa amepoa muda wote ule, lakini neno ghorofa lilimwamsha mkandarasi aliyelala ndani yake.

"Ghorofa! Msingi huu hauwezi kubeba ghorofa! Inabidi nguzo mpya, nondo mpya, ngazi, tubomoe dari yote! Hilo si jambo la kuombwa kama kitenge!"

"Kwani mnajenga nini ninyi, vibanda vya kuku? Si mlisema mnachora, mnajenga, mnakabidhi ufunguo?"

"Kwa mteja! Sisi ni kampuni, mama, si ukoo!"

"Kuanzia leo ni ukoo," akasema mke wangu.

Bibi Futi akavinyanyua vikombe kimoja kimoja, akaanza kuikunja ramani kwa hasira. "Baba, chukua timazi yako. Twende nyumbani."

Ramani ikakunjika nusu, ikagoma. Upande wa pili ulikuwa umeshikwa.

"Baba, achia."

Mzee Timazi hakuachia. Alitazama ukuta wa kulia, akatazama wa kushoto, akafumba jicho moja kama anayepima. Akamtazama mama mkwe wangu, ambaye alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio. Mwisho akamgeukia mke wangu, akatoa penseli sikioni.

"Ghorofa ya vyumba vingapi?" akauliza.